Kisanduku Nilichokipima kwa Mkono

Ngoie, mama yangu,

Mama nakuita tangu siku uliyozaliwa, kwa kuwa jina lako ni la mama yangu mzazi, na kwetu mtu hamwiti mama yake "mtoto" hata kama ndiye anayembeba mgongoni. Kwa hiyo usicheke ukiona mzee mwenye mvi anamwandikia barua mama yake ambaye kesho asubuhi anapanda gari la Kolwezi kwenda kuanza kazi. Uko chumba cha pili. Nakusikia unabishana na wadogo zako juu ya namna ya kufunga katoni ya kompyuta. Ningeweza kusimama, nikasukuma pazia, nikasema. Leo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuuliza kama umekula. Mara ya pili nilikuuliza tena kama umekula, ukanitazama kwa huruma kana kwamba uzee umeshaanza. Ndipo nikatafuta kalamu.

Nitajaribu kuandika Kiswahili tulichofundishwa na masista shuleni, maana barua ina heshima yake. Ukiona nimeteleza nikasema kama tunavyosema hapa Kenya, mtaa wetu wenye jina la nchi ya watu, nivumilie tu.

Mambo ya maji ya kuchemsha, ya chandarua, ya wanaume wa Kolwezi wenye magari ya kuazima, mama yako amekuambia tangu Jumatatu na atakuambia tena mlangoni. Mimi nina jambo moja. Ni la kompyuta yako ya kwanza, ile iliyoungua miaka miwili iliyopita na kuondoka na michoro yako yote. Wewe ulilaumiwa, na aliyekulaumu ni mimi. Haikuungua kwa kosa lako, Ngoie. Iliungua kwa kosa langu, na nimelijua hilo tangu kesho yake.

Haya, nimeandika. Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana unajua kazi yangu ila hujui vizuri kiburi changu kilitoka wapi.

Babu yako alifanya kazi kwenye tanuru za shaba hadi pumzi ilipomwishia. Jioni akirudi alituita mimi na baba yako mdogo Séverin, akatufumba macho kwa kitambaa, akatuwekea vipande viwili vya madini mikononi. "Wapi njo mukuba?" Ipi ndiyo shaba? Ukipatia, unapewa karanga. Ukikosea, Séverin anakula karanga zako mbele ya macho yako. Séverin alinenepa mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo karanga zote zilikuwa zangu. Nilikua nikijua kwamba kitu chepesi ni uongo na kitu kizito kina shaba ndani, na katika mji huu ni nani angenipinga? Hata watoto wanaookota vyuma huku wanajua hivyo.

Ndiyo maana nilipofungua karakana ya kusuka upya mota, watu walinipenda upesi. Mtu analeta mota ya mashini ya kusaga mahindi, imeungua, nainyanyua kabla sijafungua hata skrubu moja na kumwambia nyaya za ndani zina kilo ngapi. Tunafungua, tunapima, ni vile vile. Walikuwa wanaitana kuja kutazama. "Mukono ya Papa Ngoie ni balance!" Mizani, yaani. Nilikuwa najifanya sijasikia, lakini kweli nilikuwa nasikia vizuri sana.

Sasa rudi pamoja nami siku ile tuliponunua vifaa vya kompyuta ya kwanza. Ulikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya ujenzi, wenzako wanachora nyumba kwa mashini na wewe unangoja zamu kwenye duka la kuchapisha karatasi. Uliandika orodha katika daftari. Tulizunguka maduka ya katikati ya mji, tukapata prosesa, tukapata carte mère, ule ubao mkubwa ambao vitu vingine vyote vinachomekwa juu yake, tukapata memori na disiki. Kikabaki kitu kimoja, alimentation, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vingine. Ulikuwa umeshachagua kimoja dukani, chenye karatasi za dhamana. Nilikichukua mkononi, nikakirudisha mezani kama mtu anayerudisha yai viza.

"Hii iko mwepesi," nikasema mbele ya muuzaji. "Ndani iko paka mupepo." Upepo tu, yaani.

"Tata, tusome kwanza maandishi yake," ukaniambia mimi baba yako.

"Mukono yangu inasoma tangu weye haujazaliwa."

Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Nikakuvuta hadi soko letu la Kenya, kwa yule jamaa mwenye meza kando ya wauza nyaya. Akanipa kisanduku kisicho na karatasi wala jina linalosomeka. Nikakinyanyua, nikausikia uzito ukishuka hadi kwenye kiwiko. Kilikuwa cha bei rahisi kuliko kile cha dukani. Na kwa pesa iliyobaki, unakumbuka tulifanya nini? Nilinunua kasha lenye kioo na taa za rangi tatu. Wewe ulitaka kasha la kawaida na memori zaidi. Mimi nilitaka majirani wakipita dirishani waone kwamba mtoto wa msuka mota ana kitu kinachowaka. Ukabeba mfuko. Nilidhani umekubali.

Ile Jumapili sihitaji kukukumbusha, lakini nitaisema, kwa sababu nimeisema vibaya miaka miwili. Tulitoka misa. Séverin alikuwepo, na akina mama wanne wa jumuiya waliokuja kupanga sikukuu ya parokia. Umeme ulikatika wakati wa bukari, ugali wetu wa mchana. Sheria ya nyumba yetu unaijua, ni sheria ya kila nyumba ya mtaa huu: umeme ukikatika, aliye karibu anatoa fishi, yaani plagi, za vyombo vyote ukutani, maana ukirudi unarudi na hasira. Wewe ulikuwa karibu. Ulikuwa unawamwagia wageni maji ya kunawa. Hukutoa. Watoto nje wakapiga kelele, "Kuran imerudia!" yaani umeme umerudi, na chumbani kikasikika kishindo, halafu ile harufu.

Nilisimama. Nilisema kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi barabarani, "Mikono yako inajua paka kuchora, kutoa fishi haijue!" Nikasema na mengine. Nikataja karo, nikataja jasho langu. Séverin akajaribu kunituliza mimi kaka yake: "Yaya, uache. Mutoto hakufanya kwa kusudi." Nikamwambia anyamaze naye.

Ukapiga magoti mbele ya wageni wote, na bakuli la maji bado mkononi. "Unisamehe, Tata. Nilisahabu."

Nami nikakusamehe. Mimi! Nikakuwekea mkono kichwani kama askofu, nikakusamehe, na akina mama wakasema Papa Ngoie ana moyo. Kila nikikumbuka mkono ule juu ya kichwa chako nasikia haya hadi masikioni.

Hata jioni ile kuna kitu nilikiona. Friji ilikuwa kwenye waya ule ule wa matundu mengi, na radio pia. Fishi zao nazo hazikutolewa. Friji iliendelea kunguruma, radio iliendelea kuimba. Mtu mwenye kazi kama yangu alipaswa kujiuliza kwa nini umeme ule ule uue kimoja na kuacha viwili. Nilijiuliza, Ngoie, halafu nikazima radio.

Jumatatu nilichukua kile kisanduku, nikaenda nacho karakana mapema kabla ya watu, nikafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea, vipande vichache vilivyoungua, na pembeni, kimebandikwa kwa gundi, kipande cha saruji. Saruji, mama! Ya kujengea nyumba. Walikuwa wameitia pale ili ije ipimwe na mkono wa mtu kama mimi. Yule aliyeitia hakuwa amenijua jina, lakini alinijua kabisa.

Nilikaa kwenye kiti changu nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Halafu nikafikiria wateja. Nikafikiria ile "mukono ni balance". Nikarudisha kifuniko, nikafunga skrubu zote nne, nikakisukuma chini ya meza nyuma ya mabaki ya mota. Nikajiambia nitakueleza ukishatulia. Ulipotulia, nikajiambia nisikukumbushe maumivu. Unaona jinsi mtu anavyopata sababu? Zinakuja zenyewe, hata huzitafuti.

Wakati huo wewe ulikuwa unapoteza mwaka. Disiki iliungua pamoja na vingine. Nakala uliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, kuta bila paa, na kazi yako ya mwisho ilitakiwa baada ya wiki tatu. Hukuweza. Wenzako walivaa majoho, wewe ulikaa nyuma ya ukumbi kuwapigia makofi. Ulirudi na picha zao kwenye simu, ukamwonyesha mama yako mmoja mmoja na kumwambia huyu ni nani, huyu ni nani. Nilikuwa nimekaa hapo hapo na kikombe cha chai, nikakikoroga hadi chai ikapoa.

Kesho yake nikakununulia viatu.

Hili la viatu nataka ulielewe. Siku moja nikiwa mdogo babu yako alinichapa kwa kupoteza pampu ya baiskeli. Baada ya siku mbili aliikuta pale alipoiacha mwenyewe. Jioni ile, kwenye sahani yangu kulikuwa na kipande cha samaki kikubwa kuliko cha mtu mwingine yeyote, hata cha kwake. Nilikula. Nilijua kipande kile cha samaki ni nini. Lakini hadi tulipomzika nilikuwa nangoja aseme kwa mdomo, na hakusema, na nakuambia ukweli, kungoja kule bado kuko ndani yangu na mimi nina miaka hii. Nami nikaja nikakununulia viatu. Ulinishukuru sana kwa vile viatu. Uliniambia, "Aksanti, Tata, viko bizuri." Nikatoka nje kana kwamba naenda kuangalia mvua.

Sasa nije kwenye kompyuta ya pili, ile unayoifunga kwenye katoni hivi sasa, kwa sababu sikukalia karatasi hii ili nilie tu. Nilikalia ili nikushukuru, na shukrani yangu inaanzia hapo.

Ulifanya kazi mwaka mzima kwenye lile duka la kuchapisha, ukichorea watu wa mtaa wa Ruashi ramani za nyumba zao, wale wanaojenga chumba kimoja leo na kingine mwakani. Pesa ilipokuwa ya kutosha kompyuta ya katikati, si ya tajiri na si ya kubahatisha, ulikaa mezani na kalenda ya mwaka uliopita ukaandika orodha nyuma yake. Nilipita nyuma yako nikachungulia. Nilidhani mstari wa kwanza utakuwa prosesa, kwa maana vijana wote wanaanza na prosesa. Mstari wako wa kwanza ulisema: kuran. Ulianza na umeme wa ukutani. Chini yake ukaandika onduleur, betri ile ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Halafu ndipo ukaja kwenye kazi yenyewe: hii mashini itafanya nini? Itachora nyumba. Basi memori ya giga kumi na sita, na ubao wenye nafasi mbili tupu za kuongeza baadaye. Disiki moja ya kasi ya kufanyia kazi na nyingine ya zamani ya kuweka nakala tu. Carte graphique, kadi ya kuongeza nguvu ya picha, uliikata kwa mstari. "Prosesa hii iko na picha yake ndani, Tata. Siku kazi itaomba, njo nitaongeza." Kasha ukaandika: chuma cheusi, bila taa, lenye chujio, kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi.

"Ata taa moja?" nikakuuliza.

"Ata moja."

"Ata ka kadogo ka buluu?"

Ulicheka hadi ukaweka kalamu chini. Ulikuwa hujacheka hivyo nyumbani humu kwa muda mrefu, na mimi niliondoka mezani nikijiona nimeshinda bahati nasibu.

Ukanichukua tuzunguke tena, ingawa ungeweza kwenda na rafiki zako wanaojua zaidi. Aksanti kwa hilo. Nilikuona unavyonunua. Ulikuwa unamwomba muuzaji afungue, achomeke, awashe, halafu unakaa kwenye stuli na kungoja. Nusu saa nzima unatazama skrini ya mtumba kama mama anayetazama maziwa jikoni. Yule kijana wa duka la pili akachoka: "Mama, unakuya kununua ao unakuya kulala hapa?" Ukamjibu kwa upole, "Nikilala hapa, nitalala muzuri ku nyumba." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na mikono mifukoni. Sikugusa kitu chochote siku ile, na wewe uliona.

Kwenye orodha ile kulikuwa na mstari mmoja ambao mbele yake hukuandika jina wala bei. Alimentation. Nilidhani hujaamua. Tulipofika duka la mwisho ulinigeukia mbele ya watu, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hii utachagua weye, Tata. Bintu bya kuran ni kazi yako."

Ngoie, nilitaka ardhi ifunguke. Nilikuambia chagua wewe, ukasema hapana, na muuzaji akawa ananitazama. Nikavaa miwani. Nikasoma maandishi ya ubavuni mstari kwa mstari, wati ngapi, upande gani unatoa nini, nikakuuliza nisilolielewa mimi na ukaniuliza usilolielewa wewe. Nikamwomba kijana wa duka tochi ya simu, nikachungulia kwenye matundu ya feni kuona koili na mabati ya kupoza yako pale kweli na ni manene. Halafu nikachagua kile chenye dhamana ya miaka mitatu. Nilipokibeba hadi kaunta nilisikia kwamba ni chepesi kuliko kile cha saruji. Nikakipokea hivyo hivyo. Ulilipa, ukasema, "Aksanti, Tata," na tukarudi Kenya kwa miguu tukila karanga.

Mashini ile imefanya kazi tangu siku hiyo bila kukohoa. Kwa mashini hiyo umemaliza mwaka wako, na kwa michoro iliyotoka humo watu wa Kolwezi wamekuita. Mimi nimeitazama kila jioni pale pembeni ya dirisha, nyeusi, haiwaki chochote, majirani wanapita wala hawageuki. Nimeipenda kuliko mota zote nilizosuka.

Lakini bado sikusema. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea miaka miwili, na leo ndipo imefika mwisho, na si kwa ushujaa wangu.

Leo alasiri nilimwendea mama yako jikoni. Nilitaka kujaribu maneno kwake kwanza, kama mtu anayejaribu mota bila mzigo. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya safari yako. Nikamwambia yote, saruji, friji, radio, skrubu nne. Alitwanga hadi nilipomaliza. Halafu akapangusa mkono, akasema:

"Papa Ngoie, mutoto anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua yote. Wiki ya tatu tu. Alikuletea bukari ku karakana, weye ulikuwa umepeleka mota ya watu. Alikuwa anatafuta fasi ya kukaa, akasukuma bintu chini ya meza. Akaona kile kisanduku. Akakifungua."

Nilikaa juu ya gunia la makaa. Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Mama yako akaniambia kwamba siku ile ulirudi nyumbani ukalia chooni ili wadogo zako wasione, na yeye alikuwa tayari kuja karakana na mchi mkononi. Ukamshika. Ukamwambia, "Mama, usimuambie kitu. Tata atasema siku yake."

Wiki ya tatu, Ngoie! Kumbe ulipokaa nyuma ya ukumbi ukiwapigia wenzako makofi ulikuwa unajua. Ulipovaa viatu vyangu ukasema viko bizuri, ulikuwa unajua. Na siku ile dukani uliponigeukia na kusema bintu bya kuran ni kazi yangu, ulikuwa unajua mkono wangu ulifanya nini, ukanirudishia kazi yangu mbele ya watu. Mimi nilikusamehe kwa sauti kosa ambalo halikuwa lako. Wewe umenisamehe kimya, ukaniacha nitembee mtaani na jina langu zima.

Sijui ulijifunza wapi. Si kwangu. Labda jina lina nguvu, maana mama yangu naye alikuwa hivyo, anajua kila kitu na anakungojea na chakula. Nimemshukuru Mungu leo mara nyingi hadi nimerudia maneno yale yale kama kasuku. Aksanti kwa mwaka wako. Aksanti kwa kutoniogopa na kutonidharau. Nilikuwa na hofu moja tu tangu nilipojua unaondoka, kwamba utafika Kolwezi, utajenga maisha yako, na siku moja utasikia habari hii kwa mtu mwingine na hutanipigia simu tena. Sasa najua ungepiga. Hilo limenipa furaha, na limeniaibisha zaidi ya hofu yenyewe.

Ushauri sina, mama. Mtu aliyedanganywa na kipande cha saruji hana kiti cha kukalia na kufundisha. Naweza tu kukuambia lililonipata: nilijua vizuri kitu kimoja, shaba, na nikadhani dunia yote imetengenezwa kwa shaba. Huko kazini utakutana na watu wenye mikono kama yangu, na huenda siku moja nawe utakuwa na wako. Ukifika hapo, mtafute mtu wa kukuambia "tusome kwanza," na usimcheke. Na ukikosea, usinunue viatu.

Sasa sikia nilichoamua. Kesho kabla gari halijaja, Séverin atakuwepo kukubariki, na wale akina mama wa jumuiya wamesema watapita na wimbo wao. Nimemtuma mdogo wako awaambie waje mapema, wote wanne, asikose hata mmoja. Barua hii nitakupa sasa hivi kupitia pazia ili usishtuke kesho. Lakini karatasi ni ya siri, na mimi nilikulaumu hadharani.

Nitasimama pale pale niliposimama ile Jumapili. Nitawaambia yote, na saruji. Séverin atacheka kuhusu saruji, mwache acheke, ana haki ya karanga zake. Halafu nitapiga magoti. Najua kwetu baba hapigi magoti kwa binti yake. Ila jina lako ni la mama yangu, na kwa mama mtu hupiga magoti, kwa hiyo hakuna atakayesema neno.

Wewe ninakujua. Nikifika nusu tu utanishika bega, utasema, "Tata, basi, imeisha," ili watu wasinione. Umenifunika miaka miwili, mama yangu, inatosha. Kesho usiniinue. Niache nimalize.

Tata wako